Namna ya Kula Rameni katika Mgahawa Mpya wa Kijapani Dar es Salaam

Mtu aliyezoea kufungua siku kwa supu ya makongoro na chapati mbili, au anayesimama jioni kwa muuza supu ya pweza na kuimaliza palepale kabla haijapoa, tayari anajua zaidi ya nusu ya yale anayopaswa kuyajua kabla ya kuingia katika mgahawa wa rameni. Rameni ni supu. Tambi ndizo zinazoonekana kwenye picha, na nyama na yai ndivyo vinavyopamba juu, lakini mpishi wa Kijapani hupimwa kwa kile kilichochemka sufuriani kwa saa nyingi, kama vile mpishi wa makongoro anavyopimwa kwa midomo ya mteja inavyonatana baada ya kijiko cha pili. Nimewaona watu wazima, walaji hodari kabisa wa supu zetu, wakiingia katika mgahawa kama huu kwa unyonge, wakachagua sahani ya wali wa kukaanga kwa sababu ndiyo pekee waliyoitambua kwenye menyu, na wakaondoka bila kuonja kile kilichowaleta. Mwongozo huu nauandika ili hilo lisimpate msomaji.

Rameni yenyewe ina asili ya Kichina. Tambi za ngano katika supu zilifika Japani kupitia Wachina waliohamia miji ya bandari kama Yokohama, na mwaka 1910 ulifunguliwa mgahawa ulioitwa Rairaiken huko Asakusa, Tokyo, ambao unahesabiwa kuwa miongoni mwa migahawa ya mwanzo kabisa ya chakula hiki. Tambi za pakiti tunazozinunua dukani na kuzimwagia maji ya moto ni mtoto wa baadaye sana: zilibuniwa na Momofuku Ando mwaka 1958. Kwa hiyo anayekwenda mgahawani akitarajia ladha ya ile pakiti, hata kama anaipenda, atakuwa amekwenda kumtafuta mjukuu katika nyumba ya babu.

Namna bakuli linavyojengwa

Inafaa kujua kinachotendeka jikoni, kwa kuwa ndicho kinachoamua uagize nini na ule vipi. Mpishi huanza kwa kuweka chini ya bakuli kiasi kidogo cha kiungo kizito chenye chumvi kinachoitwa tare. Juu yake humimina supu ya moto, pamoja na mafuta yenye harufu, ambayo huweza kuwa ya kuku, ya kitunguu saumu, ya ufuta au ya nguruwe. Ndipo huingiza tambi zilizochemshwa kwa muda mfupi sana, kisha hupanga vitu vya juu: vipande vya nyama, yai lililolowekwa katika sosi ya soya, majani ya vitunguu, machipukizi ya mianzi yaliyochachushwa, na kipande cha nori, yaani mwani uliokaushwa ukawa kama karatasi.

Mambo mawili katika ujenzi huo yako karibu sana na majiko yetu. La kwanza ni tambi. Rangi yake ya njano na ule ukinzani wake mdogo unapozitafuna havitokani na yai, kama wengi wanavyodhani, bali na kansui, ambayo ni maji yenye chumvi za jamii ileile ya magadi tunayotia kwenye maharage au kisamvu ili kiive upesi. Magadi hayo huukaza unga wa ngano na kuutia rangi, na ndiyo maana tambi za rameni haziwezi kubadilishwa kwa tambi za kawaida za pakiti ndefu bila bakuli kupoteza nafsi yake. La pili ni supu ya baharini inayochanganywa na ile ya mifupa. Wajapani huitengeneza kwa mwani mnene uitwao kombu, kwa samaki wa jamii ya jodari aliyekaushwa na kufukizwa moshi, na mara nyingine kwa dagaa wakavu. Ladha inayojaa mdomoni na kukaa, ambayo si chumvi wala si utamu, ndiyo aliyoifanyia uchunguzi mwanakemia Kikunae Ikeda mwaka 1908, akaitoa katika kombu na kuipa jina la umami. Mtu aliyekulia kwenye mchuzi wa dagaa anaijua ladha hiyo tangu utotoni, ila hakupewa jina lake.

Uliza sufuria kabla ya kuuliza bei

Hili ndilo ninalolisisitiza kuliko yote, na nina sababu. Nilimpeleka shemeji yangu, ambaye ni Mwislamu anayeshika dini yake, katika mgahawa mmoja wa aina hii, nami nikamuuliza mhudumu kama bakuli tulilolichagua lina kitimoto. Alijibu kwa uungwana kwamba nyama ya juu ingebadilishwa na kuwekwa ya kuku, nasi tukaridhika. Bakuli lilikuwa limefika nusu ndipo shemeji aliposoma maelezo madogo chini ya menyu na kugundua kwamba supu yenyewe ilichemshwa kwa mifupa ya nguruwe. Alilisukuma bakuli polepole, akanawa, na hakunilaumu hata kwa neno moja, jambo ambalo liliniumiza zaidi. Mhudumu hakudanganya, mimi niliuliza juu ya nyama, wakati nilipaswa kuuliza juu ya sufuria.

Kwa hiyo kaa, msalimie mhudumu kama unavyomsalimia mtu yeyote aliye kazini, kisha umwulize maswali yako kabla ya kuagiza. Uliza mifupa iliyochemshwa ni ya mnyama gani. Neno tonkotsu maana yake ni mifupa ya nguruwe, na supu hiyo nyeupe na nzito, yenye asili yake katika kisiwa cha Kyushu kusini mwa Japani, ndiyo inayojulikana sana duniani; lakini kutoliona neno hilo kwenye menyu si uthibitisho wa kutosha. Maneno shio, shoyu na miso yanaitaja tare tu: shio ni chumvi, shoyu ni sosi ya soya, na miso ni rojo ya soya iliyochachushwa. Bakuli linaloitwa shoyu linaweza kabisa kuwa limekaa juu ya supu ya nguruwe, na bakuli la miso linaweza kufunikwa na mafuta ya nguruwe hata kama supu ni ya kuku, kwa kuwa katika mji wa baridi wa Sapporo tabaka la mafuta hayo hutumika kuzuia joto lisitoke.

Uliza pia kuhusu pombe. Mirini, ambayo hutiwa kwenye tare, kwenye nyama na kwenye maji ya kulowekea mayai, ni pombe tamu ya mchele, na sake nayo hutumika jikoni kwa wingi. Mpishi anayejali wateja wa mji huu atakuwa na jibu tayari, na pengine atakuwa ameibadilisha kwa sukari na siki. Mgahawa ukisema kwamba chakula chake ni halali, omba kuoneshwa cheti. Hakuna ukosefu wa adabu katika ombi hilo. Gyoza, yale maandazi madogo yaliyojazwa nyama na kukaangwa upande mmoja, mara nyingi hujazwa nguruwe, na watu wengi huyasahau kwa kuwa huletwa kama kitangulizi.

Wasiokula nyama kabisa, ambao katika mitaa ya Upanga na Kisutu si wachache, wanahitaji tahadhari ileile kwa njia nyingine. Bakuli linaloitwa la mboga linaweza kuwa na mboga juu na samaki mkavu chini. Swali sahihi ni kama supu na tare vyote viwili vimetengenezwa bila nyama na bila samaki. Mwenye mzio wa ngano, soya, ufuta, yai au vitu vya baharini na alitaje tatizo lake waziwazi, na kwa anayedhurika na ngano au soya ushauri wangu wa kweli ni achague chakula kingine, kwa sababu vitu hivyo viwili ni vigumu kuvikwepa katika bakuli hili.

Kuchagua bakuli la kwanza

Jipime kwa supu unazozipenda. Anayependa supu nyepesi ya kuku wa kienyeji, ile unayoweza kuona chini ya bakuli, na aanze na shio au shoyu ya kuku. Anayependa makongoro na aulize kama wana supu nyeupe ya kuku iitwayo tori paitani: mifupa na miguu ya kuku huchemshwa kwa moto mkali kwa saa nyingi mpaka ute na mafuta vichanganyike na maji, supu ikawa nyeupe kama tui. Kwangu mimi hilo ndilo bakuli linalofaa kuliko yote kwa mtu wa Dar es Salaam anayeanza, kwa sababu linampa uzito wa tonkotsu bila nguruwe, na ulimi wake hautalishangaa. Miso ni nzito na ina chumvi ya kutosha, na humfaa anayetaka kushiba kwelikweli baada ya kazi.

Wapo watakaouliza ni nani anayekula supu ya moto kiasi hicho katika joto la Februari. Nadhani tunaokunywa supu na chai ya moto mwaka mzima hatuna haja ya kulijibu swali hilo, lakini kwa anayeona jasho ni kero, aulize tsukemeni. Humo tambi huletwa zikiwa zimesuuzwa kwa maji baridi, na supu nzito huja pembeni katika bakuli dogo, ukachovya tonge kwa tonge kama unavyochovya ugali kwenye mchuzi.

Usiagize kila cha juu kinachowezekana kuongezwa. Bakuli la kwanza liache kama mpishi alivyolipanga, labda uongeze yai kama halimo, maana yai lile lenye kiini kinachochuruzika ni sehemu ya raha yenyewe. Asiyependa kiini kisichoiva vizuri, na mjamzito aliyeshauriwa kuepuka mayai mabichi, waombe lichemshwe likaive.

Siku na saa

Mgahawa uliofunguliwa juzi bado unajifunza. Jiko linatafuta kasi yake, wahudumu hawajakariri menyu, na supu ya siku ya kumi inaweza kuwa bora kuliko ya siku ya pili. Mimi huacha wiki mbili tatu zipite, kisha naenda Jumanne au Jumatano mapema, kabla ya saa saba mchana au kabla ya saa moja jioni. Ijumaa mchana baada ya sala na Jumamosi usiku ni nyakati za kungojea meza, hasa ikiwa mgahawa uko Masaki au Oysterbay, ambako foleni ya magari peke yake inaweza kula saa yako ya chakula. Ukitoka mbali, Mbagala au Kimara, piga simu kwanza na kuuliza kama supu bado ipo, kwa kuwa jiko linalochemsha sufuria moja kwa siku huweza kuishiwa mapema.

Nendeni wachache. Wawili au watatu ni idadi nzuri, wanne si mbaya. Kundi la watu kumi linalofaa sana kwa sinia la biriani halifai hapa, na sababu yake ni ya kiufundi zaidi kuliko ya kiadabu.

Bakuli halingoji

Tambi za rameni zinaendelea kuiva ndani ya supu ya moto tangu dakika ya kwanza. Tambi nyembamba za mtindo wa Hakata, eneo la mji wa Fukuoka kisiwani Kyushu, huchemshwa kwa muda usiozidi dakika moja hivi, na kwa hiyo hata dakika tano za kupiga picha au kungojea wenzako zinatosha kuzivimbisha na kuzilegeza. Hapo ndipo malezi yetu yanapogongana na chakula hiki. Sisi tumefundishwa kutokutangulia kula mbele ya mkubwa, kungojea wote wahudumiwe, na kumkaribisha aliye karibu. Jikoni kwa rameni mabakuli hutoka moja moja, na anayengojea heshima itimie atakula chakula kilichoharibika.

Suluhisho ni kulimaliza jambo hilo kabla chakula hakijafika. Nilipokwenda na shangazi yangu nilimwambia mapema, "Shangazi, hapa kila mtu huanza likifika lake, naomba unipe ruhusa endapo langu litatangulia." Alinijibu, "Kula, mwanangu, kisipoe," na mimi nikamwomba mhudumu lake litolewe kwanza. Tukala sote kwa amani. Kama kuna mzee mezani, mwombe mhudumu vivyo hivyo.

Bakuli likifika, chukua kijiko na uonje supu kabla ya kugusa kitu kingine. Onja tena. Tafadhali usiombe ndimu na pilipili mbuzi kabla ya kijiko cha tatu. Najua mkono wa mtu wa pwani huelekea kwenye ndimu wenyewe, nami sisemi ni kosa, lakini mpishi amepima chumvi, mafuta na harufu kwa uangalifu, na ndimu iliyokamuliwa mapema huzima vyote hivyo kwa pamoja. Ukifika nusu ya bakuli, jaribu mafuta ya pilipili yaliyo mezani, au kitunguu saumu kilichopondwa, kidogokidogo upande mmoja wa bakuli, ili ulinganishe.

Vijiti havina siri kubwa. Kijiti cha chini hulala kati ya kidole gumba na cha shahada, kikiegemea kidole cha pete, wala hakisogei kabisa. Cha juu hushikwa kama kalamu na ndicho kinachofanya kazi. Chukua tambi chache, kwa kuwa tonge kubwa ndilo linalomshinda anayeanza. Asiyeweza na aombe uma bila kuona haya. Usivisimamishe vijiti wima katika wali, na usimpokeze mwenzako chakula kutoka vijiti hadi vijiti, maana yote mawili huwakumbusha Wajapani mambo ya mazishi.

Wajapani huvuta tambi kwa sauti, na kwao si utovu wa adabu: hewa inayoingia pamoja na tambi huzipoza na kupandisha harufu ya supu puani. Aliyelelewa na mama aliyekataza kelele mezani halazimiki kufanya hivyo, bali asimkodolee macho anayefanya. Kuna jambo jingine ambalo sijaona likisemwa. Kawaida vijiti hushikwa kwa mkono wa kulia na kijiko kwa wa kushoto, nasi wengi hatuli kwa mkono wa kushoto. Basi weka vijiti chini, chukua kijiko kwa mkono wa kulia, unywe, kisha urudi kwenye vijiti. Kulinyanyua bakuli na kunywa kutoka ukingoni pia kunakubalika.

Tambi zikiisha na supu ikabaki, na mgahawa una mtindo wa Hakata, unaweza kuagiza kaedama, yaani fungu la pili la tambi peke yake linalotumbukizwa katika supu ileile. Kwa hiyo usiimalize supu mapema kama bado una njaa. Hata hivyo, hakuna anayekulazimisha kuinywa yote. Bakuli moja la rameni na supu yake huweza kukaribia au hata kupita gramu 5 za chumvi, ambazo Shirika la Afya Duniani linashauri zisifikwe kwa siku nzima, na mwenye shinikizo la damu afanye vyema kuiacha supu nusu. Mpishi hataudhika.

Kulipa na kubeba

Kabla ya kuagiza, hakikisha kama bei iliyoandikwa imejumuisha kodi na gharama ya huduma, na wakati wa kulipa, iwe kwa fedha taslimu au kwa lipa namba, dai risiti. Nchini Japani hakuna desturi ya kutoa bakhshishi, lakini wanaokuhudumia hapa ni vijana wa mji huu huu, na mhudumu aliyekwenda jikoni mara mbili kukuulizia habari za mifupa anastahili kitu.

Usilete rameni nyumbani kwa bodaboda ikiwa imekwisha kuchanganywa. Kutoka Masaki hadi Tegeta tambi zitakuwa zimeinywa supu yote. Kama huna budi, kwa mfano una mgonjwa nyumbani aliyetamani, omba supu ifungwe peke yake na tambi ziwe mbichi katika kifungashio kingine, kisha uulize zichemshwe kwa dakika ngapi. Nyumbani chemsha supu mpaka itokote, chemsha tambi katika maji mengi kwenye sufuria tofauti, zichuje vizuri, uzitie kwenye bakuli ulilolipasha kwa maji ya moto, na mgonjwa awe ameshakaa kitako akingoja.